Kadi za Posta na Habari za Mji wa Unguja

Mwalimu atakaye kufundisha habari za mji asizidharau kadi za posta za zamani. Katika kadi za Unguja twaliona gari la moshi la Bububu, lililoanza mwaka 1905, ambalo reli yake haipo tena. Twaiona na Beit el Ajaib ikali nzima, kabla ya sehemu yake kuanguka tarehe 25 Desemba 2020.

Lakini tuangalie: muhuri wa posta hutuambia siku kadi ilipopelekwa, si siku picha ilipopigwa. Picha yenyewe ndiyo shahidi. Iuonyeshayo mnara wa saa ulioungana na jumba hilo ni ya baada ya mizinga ya Waingereza, Agosti 1896.

Basi, waulizeni wazee majina ya mahali wangali hai, mkayaandike.