Mkate wa Kitaliano Katika Tanuri la Nyamira

Mimi ni mtu wa Malindi, na Waitaliano si wageni kwangu. Nilizaliwa miaka michache baada ya wao kurusha setilaiti kwa mara ya kwanza kutoka jukwaa lao la San Marco, pale baharini Ngomeni, mwezi wa Aprili 1967, na tangu nilipofungua macho nimewaona wakinunua samaki sokoni kwa mikono na kwa makelele, huku vijana wetu wakiwajibu kwa lugha yao bila kigugumizi. Hata hivyo mkate wao sikuwahi kuuonja. Mikahawa yao hupika nyama ya nguruwe na kumimina mvinyo, na sisi tuliolelewa chuoni tulifundishwa kuipita upande wa pili wa barabara. Basi ajabu ni hii: fokacha, mkate wa bapa wa Waitaliano, nimeula mara ya kwanza maishani mwangu Nyamira, katikati ya mashamba ya chai, nyumbani kwa Wasabato.

Msomaji wangu, kabla ya kuufikia mkate huo sina budi kukueleza deni lililonipeleka huko.

Mwaka 1996 mwandishi mwenzangu, Mkisii tuliyefanya naye kazi chumba kimoja Mombasa, alinichukua kwao wakati wa likizo. Mama yake alinichinjia kuku. Nilipoandaliwa sahani niliuliza ni nani aliyemchinja, nikaambiwa ni mama mwenyewe. Nikasema nimeshiba. Nami nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu Narok! Mama yule hakusema neno. Aliifunika sufuria akarudi nayo jikoni, na usiku ule nikala ndizi mbili gizani kama mwizi. Miaka ile nilikuwa na ukali wa kijana aliyesoma vitabu viwili akadhani amesoma kumi. Baadaye nilikuja kujua kwamba wanazuoni wana maneno mengi juu ya chakula cha Watu wa Kitabu katika kuifasiri aya ya tano ya Sura ya Maida, wengine wakikaza na wengine wakilegeza. Lakini hata huyo anayekaza hajaamrishwa kusema uongo kwamba ameshiba.

Rafiki yangu aliniambia, miaka mingi imepita, kwamba mama yake hakuacha kumwuliza: kuku wangu alikuwa na nini? Nilicheka, kwa kukosa la kusema. Kisha mwezi wa Mei 2020 rafiki yangu akafariki dunia. Barabara za kutoka Mombasa na Kilifi zilikuwa zimefungwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya korona, na mimi nikabaki na rambirambi ya simu. Kila mwaka nikisema nitakwenda kuhani, na kila mwaka nikipata udhuru. Mwaka huu nilijikaza nikapanda basi. Tukapita Narok penye mashamba ya ngano, tukapita Bomet na Sotik, tukaingia Keroka na mvua, hata Kisii mjini, na kutoka hapo nikachukua matatu ya Nyamira.

Kwa ambaye hajafika, nchi ile ni ya vilima na migomba, na Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Mtu wa pwani hutembea na koti mchana. Chakula chao cha asili ni ugali wa wimbi, mweusi, mzito, pamoja na mboga chungu waitayo chinsaga. Wasabato walianza kazi yao upande huu wa Kenya mwaka 1906 huko Gendia, karibu na Kendu Bay, kisha wakapanda nyanda za juu, wakajenga Nyanchwa hapo Kisii, na leo ni vigumu kupita kijiji kimoja usione kanisa lao. Nguruwe hawali. Pombe hawanywi. Kanisa lao huhimiza, ingawa halilazimishi, kuacha nyama kabisa, na wako wanaoshika hata la chai: mama yule amechuma majani ya chai maisha yake yote, na chai yenyewe hainywi. Ukitazama vizuri, baina ya meza yao na yetu kilichotutenga ni kisu tu.

Nilipokewa na mjukuu wake, kijana wa miaka thelathini na kitu, akanisalimu, "Shikamoo mzee, habari za Malindi?" kwa lafudhi ya kwetu hasa, nikashtuka. Kumbe alikuwa mpishi Malindi miaka saba, katika jikoni ya Waitaliano, mpaka hoteli zilipofungwa mwaka ule wa korona naye akarudi kwao na kisu chake na daftari lake. Sasa anaoka mikate na kuiuza sokoni Kebirigo.

Tanuri lake amelijenga mwenyewe kwa matofali na udongo, mfano wa mofa zetu lakini limelala, na mdomo wake uko mbele. Sakafu yake ndiyo iliyonivutia. Ni vibao vya jiwe la Tabaka, lile jiwe la sabuni ambalo sisi hulijua kwa vinyago na visahani vinavyouzwa kwa watalii. Vibao vilivyopasuka havina faida kwa mchongaji, na yeye akavikusanya. Jiwe lile ni laini hata kisu hulikata, lakini likishashika moto haliuachi upesi, na mkate huiva chini sawasawa na juu.

Kazi aliianza Alhamisi usiku. Alipima nusu kilo ya unga wa ngano, akatia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na nusu kijiko tu cha hamira, akamimina kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Nikamwambia hamira hiyo ni kidogo. Akanijibu, "Mzee, huu mkate hautaki haraka. Ukitia nyingi utafura, lakini hautakuwa na ladha." Donge lake ni laini mno, linashika mikono, na mwanamke wa kwetu angelitazama akaongeza unga, yeye hakuongeza. Hakulikanda kwa ngumi. Alilivuta pembe moja akalikunja katikati, akalivuta pembe ya pili, mara nne, akalifunika, akangoja nusu saa, akarudia. Kisha akaliacha hadi asubuhi. Usiku wa Nyamira una baridi, kwa hiyo huumuka polepole. Malindi lingemwagika bakulini kabla ya sala ya Alfajiri.

Nilikuwa nikingoja maziwa, au siagi, au yai. Hakuna. Nikadhani ameyatoa kwa ajili ya dini yao. Akanieleza kwamba sivyo, mkate huu wa Genoa, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, tangu zamani ni unga, maji, chumvi, hamira na mafuta ya zeituni, na jina lake limetokana na neno la Kirumi lenye maana ya meko. Ni mkate wa mekoni, basi. Huko Malindi alikuwa akiwaokea wageni wa Ulaya wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, wale ambao Waingereza waliwatungia jina la vegan mwaka 1944, nao wakidhani wamepikiwa kitu maalumu! Nikakumbuka kwamba na sisi tunao wetu. Mofa ya mtama haina maziwa, na mkate wa ufuta wa Unguja huumuliwa kwa tui, ukapikwa chunguni, kisha chungu kikageuziwa makaa ili uso wa mkate upate rangi. Sikumbuki kumsikia mtu akiulizia mikate hiyo uhalali wake.

Zeituni, mti ule ulioapiwa katika Sura ya Tini, hauoti Nyamira, na mafuta yake dukani yana bei ya kumtoa mtu machozi. Kijana hutumia ya alizeti katika donge, na juu hunyunyiza ya avokado, yanayokamuliwa humu humu nchini. Miavokado Kisii na Nyamira imejaa kila ua. Mimi nisiyewahi kuonja ya zeituni katika mkate huo siwezi kulinganisha, lakini haya ya avokado yana ukijani na uzito, na hayapandi puani.

Tukaja kwenye majani. Uani kwake kuna vichaka vitatu. Cha kwanza ni rozimari, yenye majani membamba kama sindano, ambayo watu wengi wa Nairobi huipanda kuwa ua wa nyumba wasijue kwamba inalika. Cha pili ni zaatari, tunayoijua sisi kwa tumbo la watoto. Cha tatu nilikijua kwa harufu kabla ya kukiona. Kilikuwa mrehani. Nilimwona akikata rehani kwa mkasi, akaitia katika bakuli la mafuta pamoja na kitunguu saumu, na nilijihisi kama mtu anayeona kanzu ya harusi ikifutiwa meza. Kwetu rehani ni ya kikuba, pamoja na asumini. Ni ya nywele za bibi harusi na ya kitanda chake. Ni mmea uliotajwa katika Sura ya Rahmani kwa harufu yake. Kuila! Kijana akacheka, akasema huko Malindi mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akifua nguo hotelini alimgombeza kwa jambo hilo hilo.

Siku ya Ijumaa niliteremka Kisii kusali. Katika msikiti wa mjini nilikaa karibu na mzee wa Kinubi, mjukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na baada ya sala tulizungumza habari za mikate. Akanisifia gurusa, mkate mwembamba wa chuma wa kwao, mpaka nikakaribia kukosa gari la kurudi.

Nilifika saa tisa na nusu, na moto wa mikaratusi ulikuwa umewaka saa nzima. Nyumba ilikuwa na pilikapilika, kwani kwa Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likizama hakuna kupika, wala kuwasha tanuri, hata Jumamosi jioni. Kijana alikuwa amekwisha kulitandaza donge katika trei iliyopakwa mafuta. Akachovya vidole katika mafuta akavididimiza mpaka chini, donge zima likawa na vishimo kama mchanga wa pwani uliopigwa na mvua. Halafu akafanya jambo nisilolitarajia: alikoroga maji, chumvi na mafuta, akayamimina juu yake, yakajaa vishimoni. Nilidhani ameuharibu. Baada ya saa moja ya kungoja maji mengi yalikuwa yamenywewa, na ndiyo yanayouacha mkate laini ndani na wenye chumvi juu. Mwisho akatawanya rozimari na zaatari. Rehani hakuitia, kwa kuwa moto huiunguza ikawa nyeusi na chungu. Hiyo hungoja mkate utoke.

Makaa aliyavuta pembeni, akafagia jiwe kwa tambara bichi, akatupa chembe za unga. Zilipogeuka kahawia taratibu bila kuungua akasema, "Sasa." Tukatia mkate, akaziba mdomo wa tanuri kwa bati. Dakika ishirini na tano. Mimi nilitazama jua kwa ajili ya Magharibi yangu, na mama, aliyeletewa kiti mlangoni, alitazama jua lile lile kwa ajili ya Sabato yake. Hakuna aliyesema kitu. Harufu ilipotoka, mbwa wa jirani alikuja mpaka kwenye ua.

Mkate ulitoka umeng'aa, una rangi ya asali ukingoni, na mafuta ya rehani yalipoupata ulilia chwaa. Kijana akaukata vipande vya mraba. Kipande cha kwanza hakunipa mimi. Alimpa bibi yake, naye akakishika kwa mikono miwili, akanigeukia na kuninyoshea.

"Kula," akasema kwa Kiswahili. "Huu hauna kuku."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini machozi yalinitangulia. Nikasema bismillahi nikala. Nje unavunjika kidogo, ndani una vitundu vilivyojaa mafuta. Chumvi inatangulia, rozimari inafuata, na rehani inabaki kinywani nyuma ya vyote. Nilikula vipande vinne. Katika kipande cha tatu nilimwambia mama kwamba mwaka ule sikuwa nimeshiba. Akaniambia alijua; mtu aliyeshiba hatazami sufuria ikiondoka namna nilivyoitazama. Kisha tukazungumza habari za mwanawe mpaka jua likaingia, nikatandikiwa ngozi safi ukumbini nisali, na wao wakaanza nyimbo zao chumba cha pili kwa sauti ya chini.

Jumapili nilifungiwa trei nzima iliyooka alfajiri. Kijana aliniambia kwamba huko Genoa watu huuchovya katika kahawa ya maziwa asubuhi, jambo ambalo mtu wa Malindi halihitaji kufundishwa. Safari ni ndefu, na hadi Voi nilikuwa nimebakiwa na kipande kimoja. Kilifika nyumbani kikavu. Mke wangu alikinusa, akakichovya katika chai, akatafuna polepole, akaniuliza hii rehani nani aliyewaruhusu kuipika. Asubuhi yake nilimkuta uani ameinama mbele ya mrehani wake, mkasi mkononi, bado hajaukata.