Viza Haipatikani kwa Pesa za Kuazima

“Wakili, niweke ngapi benki?” Swali hilo hunifikia kila Oktoba, bonasi ya chai ikishaingia na mtoto aliye Marekani au Uingereza akishapiga simu kuwaita wazazi. Laja kutoka Litein, Sotik na Mogogosiek, na jibu langu halijabadilika: hakuna kiasi. Kanuni za Uingereza kuhusu wageni wa matembezi hazitaji kiwango chochote cha akiba. Za Marekani na Kanada vivyo hivyo. Nchi za Schengen ndizo zenye viwango vya matumizi ya kila siku, na hata hizo hukubali mwenyeji abebe gharama. Anayekutajia nusu milioni kwa uhakika ana kitu anachokuuzia.

Anachokuuzia nakijua. Ajenti anakukopesha shilingi 500,000, zinalala kwenye akaunti yako wiki mbili, unachapisha stetimenti, kisha zinarudi kwake na riba juu. Ni sawa na kumnywesha ng’ombe maji ya chumvi asubuhi ya mnada, ukidhani mnunuzi hajawahi kufuga.

Ofisa wa viza hasomi mstari wa mwisho peke yake. Anafuatilia pesa zimetoka wapi. Mbele yake kuna akaunti iliyopokea elfu kumi na tano za majani mwezi baada ya mwezi, halafu laki tano zikaingia kwa mkupuo, na siku chache baadaye ombi la viza. Anahitaji kuambiwa nini tena? Ataandika kwamba chanzo cha fedha hakijulikani, na kwa hiyo hali yako halisi nayo haijulikani. Umelipa riba kununua sababu ya kukataliwa. Ukijaribu kuzieleza kwa uongo, au ukipeleka stetimenti iliyochezewa saiba, hapo umetoka kwenye kukataliwa ukaingia kwenye kufungiwa: Uingereza miaka 10, Kanada miaka 5, Marekani maisha, mpaka upewe msamaha maalumu.

Kwa Marekani hila hiyo ni upuuzi maradufu. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya 1952 kinamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakwenda kuhamia, hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mahojiano pale Gigiri ni ya dakika chache, na ofisa anaweza kumaliza bila kuligusa faili lako nene. Atataka kujua unamtembelea nani, nani analipa, na nini kitakachokurudisha nyumbani. Laki tano hazijibu hilo la mwisho. Shamba linalochumwa mwaka mzima linalijibu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mkulima wa chai ana ushahidi ambao wafanyabiashara wengi wa mjini hawana: nambari ya mkulima, kilo zilizopimwa kituoni, malipo ya kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Anauacha kabatini aende kukopa uongo! Ndiyo, bonasi nayo huonekana kama pesa zilizodondoka kutoka mbinguni, kwa sababu ofisa aliye mbali hajui bonasi ni nini. Basi mwambie. Andika mistari miwili kwamba ni malipo ya mwaka wa chai ulioisha Juni 30, ambatisha karatasi ya kiwanda, yakaisha. Kama malipo yako hupitia sako, peleka stetimenti ya sako. Kama nauli ni mkopo wa sako, sema ni mkopo. Kama mtoto ndiye anayelipa, peleka karatasi zake za mshahara. Asikutumie pesa ili akaunti yako ipendeze. Barua ya chifu? Inaonyesha unakoishi, basi.

Sasa haraka. Pasipoti kwanza, kupitia eCitizen. Marekani: fomu ya DS-160, ada, mahojiano. Kijana wa saiba akikujazia fomu, kaa kando yake, maana kosa lake ni kosa lako. Uingereza: ombi mtandaoni, alama za vidole Nairobi, kwa kawaida ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Unakwenda kumwona mjukuu? Sema hivyo. Unakwenda kuwa yaya wake wazazi wakiwa kazini? Hayo si matembezi. Schengen: siku 90 ndani ya kila siku 180, ada ya yuro 90, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, omba mapema, na usisubiri zibaki chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada hairudishwi ukikataliwa. Tiketi usinunue kabla ya viza. Na kama hamu yako ni kuvuka mpaka tu, Uganda na Rwanda Mkenya huingia kwa kitambulisho, na Afrika Kusini imetuondolea viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka.

Kesho asubuhi nenda kiwandani ukaombe karatasi zako za malipo za miezi 6 iliyopita. Ajenti mwache akae na laki tano zake.