Kofia ya Mkono Haijiuzi Yenyewe

Wahenga wetu walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, wala hatuthubutu kuibeza. Lakini yeyote aliyepata kukaa na mafundi wa Lamu wanaodarizi kofia kwa mkono atatambua kwamba siku hizi mambo yamegeuka. Kile cha ovyo kimejaa madukani kikijiuza kwa urahisi wa bei yake, na kile kizuri kimekunjwa ndani ya leso kikingoja mwenye jicho.

Ndiyo sababu vikao vya kila mwezi vya akina mama wa kazi za mikono vina maana kubwa kuliko wapita njia wanavyodhani. Mtu akisikia wamekutana, mmoja na ukili wake na mwengine na kofia yake, huona kwamba ni baraza ya soga tu. Soga ipo, kahawa ipo, na kaimati hazikosi. Lakini kikao hicho pia ni chuo, ni mahakama na ni soko.

KIKAO CHA MWEZI

Desturi yenyewe ni nyepesi. Siku ya miadi, baada ya sala ya Adhuhuri, wanachama hukusanyika katika nyumba ya mmoja wao, na mwezi ujao huwa zamu ya mwengine. Husomwa Fatiha, wagonjwa wakaombewa dua na marehemu wakarehemiwa, kisha mabunda yakafunguliwa. Hapo utaona misala ya kusalia, makawa ya kufunikia chakula, vipepeo vya mkaa, vikapu, mikeka yenye rangi za kupendeza, na kofia zilizofikia nusu, robo, au zilizokwisha.

Kila kazi hupita mkono kwa mkono. Mkeka huvutwa mshonono wake ili ijulikane kama kili zimeshikana sawasawa. Kofia nayo hupinduliwa ikatazamwa ndani, maana fundi mkongwe hadanganywi na uso wa nje. Palipolegea husemwa pamelegea, bila matusi na bila kuoneana haya. Bi mkubwa akimwambia binti, "Fumua, mwanangu," binti hufumua, hata kama ni kazi ya siku tatu. Hapo ndipo ubora unapolindwa, kwa macho ya wenzi wanaojua.

Kadhalika si kazi ya wanawake peke yao. Lamu wapo pia wanaume wanaokaa barazani na sindano zao, wakidarizi kofia huku wakizungumza habari za bahari na za mji.

SINDANO NA KITAMBAA

Msomaji, huenda umevaa kofia tangu ulipopelekwa chuoni ukiwa mtoto, na hukupata kufikiri jinsi inavyotengenezwa. Fundi huanza na kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili. Hukata vipande viwili, kimoja cha duara cha kukaa utosini, na kimoja kirefu cha kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, kisha hufuatwa kwa sindano, msitari baada ya msitari. Baadaye hutobolewa vijitundu vidogo sana, na kila kimoja kikazungushiwa uzi ukingo mzima ili kisichanike. Vijitundu hivyo si pambo tu. Hupitisha hewa, na kwa joto la pwani hiyo ni rehema. Mwisho vipande huunganishwa, kofia ikafuliwa, ikatiwa wanga, na ikasimamishwa ikauke wima.

Ndugu zetu wa Oman wana kofia ya ukoo huo huo, nao huiita kumma. Ni ushahidi wa jinsi pwani hizi mbili zilivyotembeleana kwa majahazi, kwa pepo za kaskazi na kusi, hata mavazi ya kichwani yakawa na udugu.

Mkeka nao una safari yake. Makuti machanga ya mkindu huchanwa, yakaanikwa, na mengine yakachemshwa na rangi. Ndipo husukwa kili ndefu, na kili zikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana unaotakiwa upatikane. Mara nyingi mmoja hutia rangi, mwengine husuka, na wa tatu hushona. Kwa hiyo mkeka mmoja huweza kubeba jasho la nyumba tatu.

HESABU YA JASHO

Sasa tufike penye uchungu. Kofia ya nakshi nyingi huchukua wiki kadhaa, na mara nyingine miezi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama adarizi saa 3 kila siku, baada ya kupika na kulaza watoto, kwa siku 60. Hizo ni saa 180. Akilipwa shilingi 1,800, basi kila saa ya macho yake imenunuliwa kwa shilingi 10, na bado hatujatoa bei ya kitambaa na uzi. Mashine ya kiwandani ng'ambo humaliza nakshi kama hiyo kwa muda mfupi, haichoki wala haina ada ya mtoto ya kulipa.

Mchuuzi hulijua jambo hilo. Humwendea mama peke yake, siku ambayo unga umekwisha, akamtajia bei ya kutupa. Mama aliye peke yake hukubali, atafanyaje? Lakini aliye na wenzake hujua kofia ya namna yake huuzwa kwa kiasi gani, na hujua kwamba mfuko wa kikundi waweza kumkopesha mpaka mwisho wa mwezi asiuze kwa dhiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Faida ya kikao si kahawa, ni uwezo wa kusema, "La, bei hiyo siiwezi."

Serikali na ulimwengu havikukaa kimya. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2003 shirika hilo lilipitisha mkataba wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi na desturi, na Kenya iliuridhia mwaka 2007. Mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Yote hayo ni mema. Lakini mkataba hauketi mlangoni mchuuzi anapobisha hodi, na binti anayeona mamake amepofuka macho kwa shilingi 10 kwa saa hatashika sindano kwa sababu ya waraka uliotiwa sahihi Paris.

NENO KWA MNUNUZI

Basi mzigo uliobaki ni wetu sisi tunaovaa. Hatusemi kwamba asiye na uwezo asinunue kofia ya mashine. Sala yake haipungui, na Mola hatazami bei ya kofia. Twasema na yule mwenye uwezo, anayelipa ukumbi wa harusi bila kuuliza, kisha akifika kwa fundi wa kofia hushindana naye kama anayenunua fungu la nyanya.

Mtu wa namna hiyo na aagize mapema. Anayetaka kofia ya Idd asingoje kumi la mwisho la Ramadhani, aende tangu Rajabu au kabla, atoe arubuni ili fundi anunue uzi bila kukopa. Na aulize imeshonwa na nani, kisha alitaje jina hilo msikitini anaposifiwa. Arusi inapowadia, mkeka mmoja wa mkono miongoni mwa zawadi za bibi arusi si aibu, ni heshima.

Tukifanya hivyo, vikao vya mwezi vitaongezeka mabinti. Tusipofanya, mabunda yatafunguliwa na wazee peke yao, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ambayo hapatakuwa na wa kuambiwa "fumua, mwanangu."