Turbo haitoshi: jeep moja na mlima wa Mushaki

Tulifika Ndosho saa kumi na moja ya asubuhi, jeep ilikuwa imekwisha kujaa. Ni Land Cruiser 75, ile ya zamani, ya resore za malame mbele na nyuma. Wenye nayo ni wachimbaji wanne wa Rubaya waliochanga feza miaka mitatu. Walichoka kulipa kamio za watu wengine. Walitaka motokari yao ya kupandisha chakula na watu, na ya kushusha mgonjwa usiku kama shimo limeanguka.

Mwaka jana waliiingiza garaje moja ya hapa mjini. Wakaweka turbo. Wakaongeza malame ya resore ili iinuke juu. Wakatoa pine nyembamba za kiwandani, wakaweka pine pana, kubwa, na janti zinazotoka nje ya mabawa. Ilipotoka, vijana walipiga nayo picha. Wiki ya tatu ikakwama kwenye mlima wa Mushaki, mvua inanyesha, watu juu ya mizigo. Ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa njia. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe, lakini mama mmoja alivunjika mkono.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka. Njia ya Sake, Mushaki mpaka Rubaya ndiyo njia ya mkate kwa nyumba nyingi za Goma, na jeep za namna hii ziko nyingi. Barieri tunaziacha, hizo ni habari ya siku ingine. Leo tunaongea juu ya pine, resore na namna ya kushika njia.

Tuanze na turbo, sababu ndiyo inapenda kusifiwa. Motere ya jeep ile ni 1HZ, silinda 6, litre 4,2 za mazutu, na Toyota waliitoa bila turbo. Wazo la kuiongezea pumzi si la kijinga. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita hapo. Kila mita 1000 unazopanda, motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, kwa kuwa hewa inapungua. Turbo inarudisha ile hewa. Shida inakuja pale mekanisie anafungua na pompi ya mazutu zaidi ili motokari "iruke". Joto linapanda, na pistoni za 1HZ hazikuumbwa kwa joto la namna ile. Zinapasuka, au joini ya kilasi inaungua, na huwa ni mlimani, mwendo mdogo, mzigo mzito, pale upepo hauingii kwenye radiatere.

Lakini siku ile ya Mushaki motere haikuzima kwa joto. Ilikuwa na nguvu ya kupita kiasi. Mzee mmoja wa garaje ya Birere, aliyekuja baadaye kuitazama, alituambia hivi:

"Vijana wangu, nguvu iko ku motere, lakini kazi iko ku pine. Kama pine haishike chini, nguvu yote inachimba shimo. Mulifanya bukrezere ku njia."

Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Turbo inakaa kimya, halafu nguvu inakuja yote mara moja. Shofere anakanyaga, hakuna kitu, anakanyaga tena, na ghafula pine nne zinazunguka hapo hapo. Potopoto inajaa kwenye meno ya pine, na pine inakuwa laini kama chupa. Kwenye potopoto mtu anapanda kwa vitesi ya pili ya gamu ndogo, mguu mwepesi, bila kubadili katikati. Na krabo inafungwa chini kabisa, kabla ya kuingia. Jeep hii ina moyeu za mbele za kufunga kwa mkono, lazima mtu ashuke akazigeuze. Siku ile konvwayeri alisahau upande mmoja. Shofere alidhani anavuta kwa pine nne, kumbe mbele hakuna kitu, nguvu yote ya mbele inatoroka upande ule uliofunguka.

Tuje kwa zile pine pana. Mjini zinapendeza. Kwenye mchanga pine pana inaelea, na kule inasaidia kweli. Lakini potopoto ya Mushaki iko juu ya udongo mgumu na mawe. Pine nyembamba, ile ya 7.50R16 tunayoijua wote, inakata potopoto na kufika chini pagumu. Pine pana inabaki inateleza juu. Tena waliweka za 315, zenye urefu wa karibu sentimita 88 kutoka juu mpaka chini, wakati 7.50 ina karibu 80. Hiyo ni sehemu moja ya kumi. Ni kama umeondoa sehemu moja ya kumi ya mvuto wako mlimani, na ya freni yako vilevile, hata kama umeongeza turbo. Na saa ya mwendo inadanganya: inaandika 60 wakati uko 66.

Janti za kutoka nje zina ubaya wao, haraka hauonekani. Uzito unahama mbali na rulema, rulema inakufa mapema, usukani unatetemeka ukipiga jiwe. Na ubavu wa pine unabaki wazi kwa mawe ya volkano. Tangu lava ya 17 Januari 2002, na tena ile ya Mei 2021, kila mtu wa Goma anajua mawe yale: yanakata kama kiwembe, na yanapenda ubavu. Pine iliyokatwa ubavuni haizibwi. Kwa hiyo kupunguza upepo wa pine ili ishike zaidi, jambo linalosaidia kwenye potopoto, lifanywe kwa kiasi na pale potopoto inapoanza tu, kisha pompi itolewe mkifika pagumu. Ukiwa na mzigo kamili na pine laini juu ya lava, jioni unalala njiani.

Kwenye resore ndipo tulibishana zaidi na wenye jeep. Wao waliona hesabu rahisi: malame mengi, mzigo mwingi. Hesabu ingine ni hii. Watu 12 wa kilo 65 ni kilo 780. Mifuko 10 ya unga ya kilo 50 ni kilo 500. Jumla kilo 1280, na motokari ile iliundwa kubeba karibu tone moja, watu wakiwa ndani ya hesabu. Malame yaliyoongezwa hayaongezi freni, hayakazi shasi, hayaongezi nguvu ya daraja la nyuma. Yanaficha tu kwamba motokari imezidiwa, kwa sababu mgongo hauinami tena. Na ikiwa tupu, resore ngumu hairuhusu gurudumu kushuka kwenye shimo. Gurudumu linabaki hewani, na gurudumu lililo hewani halivuti na halifungi. Ndiyo maana jeep tupu inaruka ikishuka Sake, na shofere anajisifu kwamba iko "nyepesi".

Kuna jambo lingine ambalo wachimbaji wanalijua shimoni kuliko sisi: uzito unakaa wapi. Mizigo ya siku ile ilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya daraja, na mingine juu. Mbele ikawa nyepesi. Mlimani uzito ulirudi nyuma zaidi, na pine za mbele, zile za kukata kona, zikawa zinagusa njia kidogo tu. Mifuko mizito ingekaa chini, karibu na kabini, mambo yangekuwa tofauti hata na pine zile mbaya.

Halafu kilichovunja mkono wa mama yule. Motere ilizima mlimani. Shofere, kijana mwenye moyo mzuri, akakanyaga ambrayaje na freni kwa pamoja. Freni ikafunga pine, pine zikateleza kwenye potopoto, na hakuna usukani kwa pine iliyofungwa. Motere ikizima mlimani, acha vitesi ndani, shika freni, funga na freni ya mkono. Kisha ingiza rivasi ya gamu ndogo, washa motere, uachie taratibu, motere yenyewe ikushushe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mguu ukae mbali na ambrayaje. Na kushuka kutoka Mushaki kuja Sake ni vilevile: ile desturi ya kuachia vitesi ili kubana mazutu imeua watu. Freni zinapata moto, pedali inakuwa kama sponji, na mbele yako iko kamio.

Tulipanda nayo asubuhi ile ya Ndosho ili tuone walichobadilisha. Pine pana waliziuza, kwa hasara. Wamerudi kwa 7.50, na minyororo miwili iko chini ya kiti. Malame mawili yametolewa kila upande, amortisere mpya zimewekwa, na bulo za resore zinakazwa upya kila wanaporudi, kwa kuwa resore iliyoguswa inalegea safari za kwanza. Turbo wameiacha, ila pompi imepunguzwa, na kuna saa ya joto la moshi mbele ya shofere. Watu ni tisa sasa badala ya kumi na wawili. Bei ya kiti imepanda, na hilo limeleta kelele. Mama mmoja aliyesimama pale na mtoto mgongoni alisema wazi: "Nyiye munasema usalama, miye nalala Ndosho siku mbili juu ya bei." Hatukuwa na jibu zuri la kumpa.

Mushaki tulipanda kwa dakika nyingi, mvua kidogo, gamu ndogo, vitesi ya pili. Chini ya mlima konvwayeri alishuka, akafunga moyeu zote mbili, akapiga kelele "kushoto, kuume!" ili watu wote wasikie. Ni sharti la mama aliyevunjika mkono. Alikuwa mbele, karibu na shofere, na hakukubali waondoke mpaka asikie majina ya pande zote mbili.