Honi ya Garimoshi Mjini Moshi

Garimoshi la mizigo lilirejea Moshi mwezi Julai 2019, na la abiria kutoka Dar es Salaam likafuata Desemba ya mwaka huo huo. Pamoja nalo ikarejea sauti ambayo vijana wengi wa mji ule hawakupata kuizoea, yaani honi inayopigwa kila treni inapokaribia mahali reli inapokata barabara, iwe mchana au usiku. Yafaa tulitazame suala hili mapema, kabla halijageuka kuwa ugomvi kati ya wananchi na shirika lao la reli.

Reli yenyewe si ngeni. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi 1911, na katika enzi ya Waingereza ikaendelezwa hadi Arusha mwaka 1929. Kahawa ya Machame, Kibosho na Marangu ilishuka mlimani ikaingizwa katika mabehewa kwenda bandarini. Kisha safari za abiria zikakoma kwa takriban miaka 25, na za mizigo kwa zaidi ya miaka 10. Katika muda huo wa kimya mji haukungoja. Nyasi ziliota kati ya mataruma, watu wakapitisha njia za miguu popote walipoona ni karibu, na wengine wakajenga ndani ya hifadhi ya reli hata nyumba zao zikatiwa alama ya X. Treni iliporudi ilikuta mji mwingine kabisa.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza hayo yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani. Kwanza, ndugu zetu wangapi wamekwenda Moshi kutibiwa katika hospitali ya KCMC, au kusoma katika Chuo Kikuu cha Ushirika? Pili, sisi nasi tuliwahi kuishi na reli mlangoni. Kuanzia mwaka 1905 garimoshi lilikwenda kutoka mjini Unguja hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi, likipenya kati ya nyumba katika vichochoro vyembamba. Wako wazee wanaoshikilia kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wake, ingawa wengine husema ni mlio wa chemchemi. Kwa vyovyote, makelele ya treni si hadithi ya bara peke yake.

Sasa, tusimwonee dereva wa treni. Yeye hapigi honi kwa kujifurahisha. Treni iendayo kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde, na magurudumu ya chuma juu ya chuma hayasimami kama tairi juu ya lami. Akimwona mwenye bodaboda juu ya reli, mara nyingi breki haitamfaa tena, na kilichobaki ni sauti. Mnamo Novemba 2023 basi la abiria liligongana na treni kwenye makutano ya reli na barabara huko Manyoni, mkoani Singida, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Mwenye kudai honi inyamazishwe hana budi kulikumbuka hilo.

Wamarekani walijaribu njia ya amri tupu. Mwaka 1984 jimbo la Florida liliruhusu honi zizuiwe usiku katika makutano ya reli moja ya pwani ya mashariki, tena makutano yenyewe yalikuwa na mageti, taa na kengele. Ajali za usiku mahali pale zikakaribia kuongezeka mara tatu, na mwaka 1991 serikali kuu ikaamuru honi zipigwe tena. Kanuni waliyoiweka mwaka 2005 ina busara zaidi. Honi ipigwe sekunde 15 hadi 20 kabla ya makutano, wala si kwa kadiri dereva apendavyo, na nguvu yake iwe kati ya desibeli 96 na 110. Mji unaotaka utulivu huruhusiwa kuupata iwapo kwanza utajenga kizuizi kinachofanya kazi ya honi, kama mageti yanayofunga barabara yote, au ukuta mfupi katikati ya barabara ili mwenye haraka asiweze kulizunguka geti.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Honi ni geti la maskini. Pasipo mlinzi, pasipo kizuizi, na pale ambapo kibanda cha biashara kinamzuia mwendesha gari asiione reli, gharama ya usalama hulipwa kwa usingizi wa wanaokaa jirani. Wenye nyumba karibu na stesheni wanalipa deni ambalo si lao.

Nani basi aweke geti? Reli ni ya TRC, barabara za mitaa ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS, na usalama wa usafiri wa reli husimamiwa na LATRA. Ofisi nne kwa ufito mmoja wa chuma! Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele za mwaka 2015 zimeipa NEMC neno lake pia. Tunaomba wakuu hao wakae pamoja na Manispaa ya Moshi, wahesabu makutano yote, wafunge njia za panya, na katika yale machache yenye magari mengi waajiri walinzi wenye bendera na taa. Mlinzi hahitaji mkopo wa nje. Kwa reli mpya ya umeme, iliyoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, barabara zilipitishwa juu au chini ya reli. Kwa reli ile ya zamani hilo litachukua miaka mingi, na watu hawawezi kukaa macho wakilingoja.

Penye mlinzi na kizuizi, hapo honi ya usiku ipunguzwe. Ila saa tusiziige. Uingereza huzizuia honi nyingi za kawaida kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa pale dereva anapoona hatari. Moshi saa 12 ni kuchelewa, kwani kabla ya hapo watu wa mlimani wamekwisha kuteremka na mikungu ya ndizi kuelekea soko la Mbuyuni, wengi kwa miguu na mzigo kichwani, gizani. Kimya hicho kikome saa 10 alfajiri.