Gideoni, Ahazi na swali la kumwomba Mungu ishara

Msomaji makini wa Biblia hakawii kukutana na mgongano huu. Katika Waamuzi 6, Gideoni anataka kuhakikishiwa kwamba kweli Mungu amemtuma kuwaokoa Waisraeli mikononi mwa Wamidiani. Anatandaza ngozi ya kondoo uwanjani: usiku mmoja anaomba umande uilowanishe ngozi peke yake, usiku wa pili anaomba kinyume chake. Mara zote mbili anapewa alichoomba, wala hakemewi. Lakini Kumbukumbu la Torati 6:16 inakataza kumjaribu Mungu, na Yesu aliishika amri hiyo Ibilisi alipomtaka ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Wako wanaosema hapa Biblia inajipinga yenyewe. Wako pia wahubiri wanaoshika aya moja na kuifumbia macho ya pili. Naona pande zote mbili zimeruka sura yenye jibu, nayo ni Isaya 7.

Mfalme Ahazi wa Yuda alikuwa amebanwa. Yapata mwaka 735 kabla ya Kristo, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli waliungana ili wamng'oe katika kiti cha enzi. Isaya alitumwa kumtuliza, kisha mfalme akaambiwa aombe ishara yoyote aitakayo. Ahazi akakataa kwa hoja kwamba hatamjaribu Bwana. Jibu hilo halina kasoro masikioni mwa mcha Mungu, maana limetoka katika torati ya Musa. Hata hivyo nabii alimjia juu, akamshutumu kwa kumchosha Mungu. Kwa nini? Soma 2 Wafalme 16: mfalme huyo huyo alitoa fedha na dhahabu iliyokuwa hekaluni, akampelekea Tiglath-pileseri wa Ashuru ili aje kumwokoa. Ninavyoisoma habari hii, Ahazi hakutaka ishara kwa sababu ishara ingemlazimu kubadili mpango wake. Aya aliyoitumia Yesu kubaki katika utii, yeye aliifanya pazia la kukwepa utii. Gideoni naye, pamoja na woga wake wote, kabla ya kutandaza ngozi ile alikuwa amekwisha kuibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake, tena usiku, akihofia watu wa mji. Alipojibiwa, alikwenda vitani, na hatimaye akabaki na watu 300 tu. Aliomba ishara akiwa tayari kwenda. Waisraeli waliomjaribu Mungu huko Masa, wanaotajwa katika katazo lile la Kumbukumbu la Torati, walikuwa wamevuka bahari na kula mana, lakini bado walihoji kama Bwana yuko kati yao au la.

Mpinzani atasema kipimo hiki cha utayari wa kutii kinafaa pale tu ambapo upande mmoja una hila. Je, pale ambapo wote wana nia njema? Hoja hii ina uzito, na mfano wake uko katika Matendo ya Mitume. Katika sura ya 20 Paulo anasema anakwenda Yerusalemu akiwa amefungwa na Roho; katika 21:4 wanafunzi wa Tiro, kwa Roho huyo huyo, wanamwambia asiende. Sidhani inafaa kuipunguza makali aya hiyo ya pili. Lakini Luka anaeleza pia yaliyotokea Kaisaria. Nabii Agabo anatabiri kwamba Paulo atafungwa, basi, hasemi asiende. Wanaomsihi asiende ni wenzake, Luka akiwamo, kwa machozi. Ufunuo ulihusu mateso; ushauri ulitokana na upendo wao. Nadhani ndivyo ilivyokuwa Tiro pia, kwa kuwa baada ya Paulo kukamatwa, katika 23:11, Bwana anamtia moyo na kumwambia atashuhudia hata Rumi. Hakuna lawama kwamba alikosea njia.

Kwa hiyo mhubiri anayemwambia muumini kwamba Mungu amesema aolewe na fulani, aache dawa au auze shamba, asitosheke na kutaja aya. Ahazi naye alikuwa na aya. Hata ishara inayotimia haitoshi: Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba nabii anaweza kutoa ishara ikatokea, na bado akawa anawapotosha watu. Wewe unayeambiwa hivyo, uliza ni kipi hasa kilichofunuliwa na ni kipi alichoongeza msemaji, na usifanye uamuzi mpaka ujibiwe.