Baba Akiosha Vyombo, Heshima Yake Inakwenda Wapi?

Ni mara ngapi tumemwona mwanamume akianika nepi uani, tukakonyezana na kusema, "Huyu kalishwa limbwata"? Tunacheka, naye anasikia. Jioni tunalalamika kwamba waume zetu hawatusaidii! Akina mama wenzetu, hebu leo tujitazame sisi wenyewe.

Tulifundwa kwamba mume huleta na mke hupika. Lakini wakati wa ukoloni, wapishi na madobi katika nyumba za Wazungu hapa Tanganyika walikuwa hasa wanaume. Walikoroga supu, walifua na kupiga pasi, na kwa mshahara huo wakalisha wake na watoto wao. Kumbe mkono wa mwanamume unaijua sufuria! Kinachomtia aibu ni kuishika nyumbani kwake, mahali pasipo na mshahara.

Mfuko ulipotoboka

Katika miaka ya 1980 mshahara wa mfanyakazi haukuweza tena kuifikisha familia mwisho wa mwezi. Mpango wa kufufua uchumi ulianza mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa. Wafanyakazi wengi walipunguzwa. Akina mama wakajitosa: vitumbua, maandazi, genge, kuku wa mayai. Nyumba nyingi zilisimama kwa fedha hizo.

Na baba je? Yule aliyezoea kuombwa kila kitu alijikuta amekaa barazani hana la kutoa. Wengine walikimbilia pombe, wengine wakawa wakali. Wako pia waliochukua ndoo wakaenda bombani, nasi tukawacheka. Hapo ndipo tulipokosea. Mama aliyechoma vitumbua alfajiri, usiku akaosha masufuria peke yake, alihitaji mkono wa pili.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe. Inamtaka pia mke mwenye uwezo amtunze mume ambaye ugonjwa umemzuia kujipatia riziki. Tena, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Basi, ikiwa jasho la jikoni lina thamani likitoka kwa mama, kwa nini liwe fedheha likitoka kwa baba?

Tuanzie wapi?

Tusimtajie mume fedha zetu mbele ya watoto au wageni. Mipango ya nyumba tuikae pamoja, hata kama shilingi yote imetoka gengeni. Akipika ugali ukawa na madonge, tule na tumshukuru. Kesho atausonga vizuri zaidi. Majirani wakimcheka, tusicheke nao. Bwana wetu Yesu mwenyewe aliwaandalia wanafunzi wake samaki ufuoni, na hakupungukiwa utukufu.

Zaidi ya yote, tuwatume wavulana wetu jikoni pamoja na dada zao. Tukimwambia mtoto wa kiume, "Acha, hiyo ni kazi ya wasichana," tunamwandalia mkwe wetu mzigo uleule tunaoulalamikia leo.